Jiko la Dada Mkubwa (9): Kijiko Mlangoni

Tulimwacha Ukoko amepiga magoti kwenye vumbi la yadi ya mitumba, mkono wake umeshika kishikio cha mlango wa oveni, na mwili mzima umemfa ganzi.

Kwa sababu kile hakikuwa kishikio. Kilikuwa kijiko.

Kijiko kikubwa cha kupakulia, cha chuma kizito cha zamani, kimechomelewa ncha zote mbili kwenye mlango. Ukoko alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wake mpaka akafika mahali kilipomeguka siku kilipoanguka kisimani. Pengo lilikuwepo. Basi hapakuwa na shaka tena. Kijiko kilikuwa cha marehemu mama yake, na jiko lilikuwa la dada yake.

Anayesoma leo kwa mara ya kwanza asihangaike kuazima magazeti ya nyuma. Ukoko ni mpishi, mwenye mkahawa mdogo mkabala na lango la hospitali. Jiko lake la kupikia lilipasuka tumbo, na tangu siku hiyo masufuria yamelala kifudifudi. Mwenye nyumba, mama asiyerudia neno, alikwisha tamka kwamba Jumatatu asubuhi asipoona moto mle ndani, chumba anampa Mwenye Dawa, mwenye duka la dawa ambaye amekimezea mate siku nyingi. Mke wa Ukoko, Mama Pacha, anataka jiko jipya la dukani. Na fedha za kununulia, liwe jipya liwe la mitumba, zimetoka kwa Dada Mkubwa, mwenye mkahawa wake katika mji wa jirani. Alizituma kwa simu na maneno mafupi: "Ni akiba yangu, mdogo wangu. Usiniulize."

Hayo yanatosha. Sasa twende.

"Umelipata wapi jiko hili?" Ukoko aliuliza bila kuinuka.

Mwenye yadi alikuwa mtu mnene aliyeitwa Haki-ya-Mungu, kwa kuwa hakuweza kutaja hata bei ya msumari bila kula kiapo.

"Haki ya Mungu, limetoka hoteli ya ghorofa. Wenyewe walibadilisha rangi ya ukuta, wakaona jiko halioani na ukuta."

"Na kijiko hiki?"

"Hicho ni urembo. Haki ya Mungu, ndio mtindo wa ng'ambo siku hizi."

Ukoko alikaribia kucheka. Mtindo wa ng'ambo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekishika kijiko kile kwa koleo, huku fundi wa kuchomelea akimwambia afumbe macho. Enzi hizo alikuwa kijana katika jiko la dada yake, na hapo ndipo alipopata jina, kwa kuwa alipenda kukwangua chini ya sufuria na kula kile walichokiacha wengine. Kishikio cha oveni kilikatika kwa uchovu, kipuri hakikupatikana, na Dada Mkubwa akatoa kijiko cha mama yao, urithi pekee waliokuwa nao. "Sasa kila nikifungua oveni," alisema siku ile, "nitakuwa nampa mama mkono."

Ukoko alitazama huku na huku. Kulikuwa na majokofu yamesimama safu safu, na mengine bado yana karatasi zilizobandikwa majina ya mikahawa. Kulikuwa na masinki yaliyong'olewa pamoja na vigae vyake, na meza za kukatia nyama zenye makovu ya visu vya watu waliokwisha kwenda zao. Kutoka nje mtu huiona yadi kuwa soko. Ukoko, akiwa amepiga magoti pale, aliona ni makaburi. Kila kilichosimama mle kilikuwa mkahawa uliokufa.

Na hapa, katikati ya maiti, jiko la Dada.

Alimpigia simu. Iliita mpaka ikachoka. Alipiga tena, ikaita tena, hakuna aliyepokea.

Ndipo hesabu ikajipanga yenyewe kichwani mwake, na hakuwa na haja ya kalamu. Dada, ambaye kila akizungumza kwa simu husema biashara inakwenda na wateja wanajaa mpaka nje. Dada aliyesema fedha ni akiba. Akiba gani? Akiba ilikuwa hii hapa, imesimama kwa miguu minne, imetundikwa bei. Dada Mkubwa ameuza jiko lake ili mdogo wake anunue jiko.

Fedha zilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, juu ya moyo. Aliona kama zinamuunguza.

Asubuhi ile ile alikuwa dukani, kwenye vifaa vipya. Muuzaji, kijana aliyevaa tai, alimfungulia na kumfungia milango ya jiko jipya kama mtu anayeonyesha meno ya farasi. Lilikuwa dogo, vichomeo vinne, linang'aa mpaka Ukoko akaona uso wake ndani yake na kuupangusa kwa adabu. Lilikuwa na waranti. Lilikuwa na fundi wake mwenyewe wa kuja kulifunga. Ila fundi huyo, kijana alisema huku akitabasamu, angefika Alhamisi.

Mwenye nyumba anakuja Jumatatu.

Kwa hiyo msomaji asiseme Ukoko alichagua kwa moyo peke yake. Kichwa nacho kilikuwepo, kimeegemea upande ule ule. Jipya lingekuja baada ya mazishi. La zamani lingekuja leo au kesho, lina vichomeo sita, na ni la Dada. Kulirudisha nyumbani kungekuwa kumrudishia Dada heshima yake bila kumwambia kwamba siri yake imejulikana. Hivyo ndivyo alivyowaza, na mtu akiwaza hivyo ameshanunua.

Haki-ya-Mungu alileta mtungi, akawasha vichomeo vya juu kimoja kimoja. Moto ulitoka wa buluu, umetulia kama maua kwenye kitambaa. Ukoko alikiangalia kila kichomeo, akatikisa kichwa kukubali.

"Oveni je, tuiwashe?" mwenye yadi aliuliza, kisha akajijibu haraka kwamba gesi ya mtungi ule ilikuwa inaishia, na kwani mteja alitaka kuoka nini pale, kwenye vumbi?

Sasa tazama kosa la mtu mwema. Ukoko huyu hajawahi kununua nyanya bila kuifinya, wala samaki bila kumfunua mashavu. Wauza mboga wanamkimbia. Lakini mbele ya jiko la dada yake aliona haya. Kulikagua, kulipigapiga ubavuni, kulitafutia kasoro mbele ya mlanguzi, aliona ni kama kumvua Dada nguo sokoni. Akasema oveni haina haja.

Alilipima kwa shubiri, ubavu wake, kwa sababu mlango wa jikoni kwake ni mwembamba na anaujua kama kinywa chake. Lingepita na nafasi ya kidole ingebaki. Akatoa fedha.

Haki-ya-Mungu, kwa furaha, akaahidi zawadi. Angelipiga rangi mpya ya fedha siku ya Jumapili, na Jumatatu alfajiri wachukuzi wangelileta likimeremeta. Ukoko aliandika ujumbe kwenye simu, akautuma: "Dada, nimelipata jiko lako. Nalirudisha nyumbani." Kabla hajaurudia kuusoma, simu ikaanza kulia. Alikuwa mwenye nyumba. Ikalia tena, mwenye nyumba tena. Ukoko akaizima, akaitumbukiza mfukoni, na hakuiwasha siku ile wala zilizofuata.

Kumbuka hilo, kwamba aliizima.

*

Mama Pacha alikuwa mkahawani anaosha sahani safi. Zilikuwa hazijaliwa na mtu, lakini yeye hawezi kukaa na mikono mikavu.

Alisikiliza hadithi yote ya yadi bila kugeuka. Mumewe alipomaliza, aliuliza neno moja tu.

"Waranti iko wapi?"

"Mama Pacha, ni jiko la Dada."

"Nimekuuliza waranti."

"Dada ndiye waranti."

Hapo aligeuka. Ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye macho yasiyopepesa anapokasirika, na pacha wake wawili, ambao siku hizi ni watu wazima wenye nyumba zao, bado wakiyakumbuka macho hayo hukaa vizuri kwenye viti. Alisema kwamba yeye alikuwa mjinga siku zote, alijua kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini kidonda kipya mtu hukijua kilipoanzia. Cha mtumba unauziwa pamoja na usaha wa mwingine.

"Ya kale hayanuki," Ukoko alisema.

"Hayanuki kwa asiye na pua. Oveni umeiwasha?"

Ukoko akachukua sahani moja, akaanza kuifuta.

"Baba Pacha. Nyanya moja huinunui mpaka uifinye."

"Nani humkagua dada yake meno?"

"Daktari," alijibu mkewe, akarudi kwenye sahani zake.

Lakini mikono yake ilipunguza mwendo, ikasimama ndani ya maji. Alikuwa amefika pale ambapo mumewe hakufika. Aliuliza polepole, kama anayejiuliza mwenyewe, kwamba kama wifi ameuza jiko, sasa wifi anapikia nini? Na shemeji, mume wa wifi, ambaye siku zote ndiye anayeshika simu kwanza na kufanya mzaha, mbona hawajaisikia sauti yake muda mrefu?

Ukoko alikuwa amefikiri mambo mengi pale yadini, hilo hakulifikiri.

Mama Pacha alijifuta mikono. Akasema basi, jiko liingie, maana ni la wifi na limekuja kwa machozi, na chombo kilichokuja kwa machozi hakirudishwi. Ila akaweka sharti. Safari hii, kwa mara moja katika ndoa yao, likitokea la kuamua, mumewe aamue mara moja. Asisimame kati ya milango miwili akipepesuka mpaka yote ikafungwa. Hivyo ndivyo walivyolikosa lile duka la kona, hivyo ndivyo walivyokosa kila kitu.

Ukoko akaahidi.

*

Jumatatu alfajiri mkokoteni ukaingia uani, wachukuzi wawili wakiusukuma. Mmoja aliitwa Kibonge, mwembamba kama ufito. Mwenzake aliitwa Kimya, na hakunyamaza tangu langoni.

Jiko lilikuwa limepakwa rangi ya fedha mpaka kwenye kijiko. Lilinuka rangi mbichi kiasi cha kuwasha macho. Kimya alisema wameikohoa rangi hiyo njia nzima, na kwamba jiko zuri namna ile lingefaa kuolewa.

Chumba cha kupikia kina mlango mmoja unaofungukia uani, na dirisha moja la nondo lililo juu kuliko kichwa cha mtu. Mama Pacha aliingia ndani kwanza ili alipokee na kulielekeza kwenye kona yake, karibu na mtungi wa gesi. Wanaume wakalielekeza kwa ubavu, upande mwembamba mbele, wakalinyanyua, wakasukuma.

Liliingia vizuri. Liliteleza kati ya miimo kama barua kwenye bahasha, robo, theluthi, karibu nusu. Kisha likasema *kak*, likasimama.

Kibonge alichungulia. Akanyoosha kidole bila kusema kitu.

Ni kijiko. Kilikuwa kimetokeza kwenye mlango wa oveni kwa upana wa vidole vitatu, na kimegonga mwimo.

Ukoko alipima bati. Hakupima kijiko. Mtu hapimi mkono wa mama yake.

"Mzee, hilo dogo," alisema Kimya. "Tunalirudisha nyuma kidogo, nachukua tindo, napiga mara mbili, kinaruka. Utanunua kishikio kingine hata kwa kinyozi."

Ukoko alisimama na mkono mmoja juu ya jiko. Alikitazama kijiko. Aliona koleo, aliona cheche, alisikia Dada akicheka. Kutoka ndani, mkewe aliuliza kumetokea nini. Akaambiwa. Sauti yake ikaja, haikupanda wala haikushuka.

"Kikateni."

"Ngojeni kwanza," alisema Ukoko.

"Baba Pacha, uliahidi."

"Tujaribu mafuta. Kidogo tu. Tukipaka mafuta kwenye mwimo kitateleza."

Wakapaka mafuta ya kupikia. Wachukuzi wakarudi nyuma hatua, wakaweka mabega, wakasukuma kwa pamoja huku Kimya akiimba. Jiko likaingia kwa kishindo mpaka nusu yake kamili. Mwimo ukapasuka, ukajikunja, ukakibana kijiko kama kinywa cha mamba. Walipotaka kulivuta, halikuja. Walipotaka kulisukuma, halikwenda. Kibonge akaingiza ulimi wa tindo, hakuona pa kuupitisha. Akajaribu msumeno wa chuma, haukupata hata nafasi ya wembe.

"Sasa kikateni," Ukoko alisema kwa sauti ndogo.

Kibonge, ambaye hakuwa ametia neno tangu asubuhi, akamjibu kwa upole. "Sasa hakikatiki tena, mzee."

Basi hali ikawa hivi. Ncha moja ya jiko, na vichomeo viwili, ilikuwa ndani pamoja na Mama Pacha. Ncha nyingine, na vichomeo viwili, ilikuwa uani pamoja na mumewe. Viwili vya kati vilikuwa kizingitini. Mlango wa oveni ulikuwa umebanwa kwenye mwimo, haufunguki. Na mwanamke aliye ndani hakuwa na njia ya kutokea.

Wakati huo mwenye nyumba akaingia uani.

Alikuja na mwavuli ingawa hapakuwa na mvua wala jua, na nyuma yake alikuja Mwenye Dawa, mtu mpole mwenye utepe wa kupimia uliotokeza mfukoni. Mwenye Dawa aliwaamkia wote vizuri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuuma Ukoko zaidi.

Mwenye nyumba aliutazama mlango kwa muda. Alisema ameona mengi katika nyumba zake, ameona mbuzi bafuni na maharusi darini, lakini jiko lililokabwa koo na mlango hajaliona.

Ukoko alimwomba mpaka jioni. Akasema ataita fundi wa kuvunja mwimo. Mwenye nyumba akamuuliza huo mwimo ni wa nani.

"Mimi neno langu lilikuwa moja," mwenye nyumba alisema. "Nilisema moto. Uuwashie ndani, uuwashie mlangoni, uuwashie kichwani kwako, mimi nione moto. Nikiuona, huyu bwana ataondoka na utepe wake. Nisipouona, ataufungua."

Palikuwa na mlango mwembamba kuliko ule wa jikoni, na mwenye nyumba, kwa namna yake, alikuwa ameufungua. Hata Mwenye Dawa alitazama chini, na ungedhani alifurahi.

Mama Pacha alikuwa amesikia, maana mwenye nyumba husema kwa sauti ya mtu anayemwita punda. Wakasikia akikokota mtungi, akichomeka mpira nyuma ya jiko, akikaza klipu.

"Nimefungua gesi," alisema kutoka ndani. "Washa huko kwako. Mimi huku kiberiti kimelowana."

Ukoko alijipapasa mifuko. Kiberiti hakikuwa kwenye shati. Hakikuwa kwenye suruali. Kimya akaazima kwa jirani, akazungumza na jirani, akarudi. Muda wote huo mtungi ulikuwa wazi. Harufu ya rangi mbichi ilikuwa imejaa uani mpaka haikuacha nafasi ya harufu nyingine.

Ukoko akatoa njiti. Kwa mara ya kwanza tangu jiko la zamani lipasuke alihisi kitu kikimpanda kifuani, nusu yake tumaini, na nusu yake, msomaji, sitaki kuidanganya kalamu, ilikuwa majivuno. Atapika. Atapikia uani ikibidi, mkewe akipakua upande wa pili. Atamwita Dada aje aone. Akaikwaruza njiti, ikawaka.

Mkono ukamshika kifundo.

Ulikuwa umefungwa bendeji toka vidoleni mpaka kiwikoni. Ukoko aliinua macho, na alichukua muda kumtambua mtu aliyesimama mbele yake, amebeba furushi, anahema kama aliyetoka kituo cha basi kwa mbio. Nyusi zake hazikuwepo. Upande mmoja wa uso ulikuwa na ngozi mpya, nyororo, ya waridi, kama ngozi ya mtoto mchanga.

"Dada," alisema.

Dada Mkubwa alifungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa sauti. Ilikuwa upepo unaopita chini ya mlango. Moto ulikuwa umeila. Ilibidi Ukoko ainamishe sikio mpaka likakaribia midomo yake.

"Nimekupigia simu njia nzima."

Njiti ilikuwa inawaka.

"Kuna bomba limepasuka nyuma ya oveni. Hulioni. Juu moto unakuwa mzuri, wa buluu, kumbe gesi inajikusanya tumboni. Mlango wa oveni ukiwa umefungwa, inangoja." Alimeza mate kwa shida. "Shemeji yako aliinama kuliwasha. Sikukwambia. Tulimzika kimya kimya, mdogo wangu, maana ningekuita, na ungefunga mkahawa wako uje."

Dada akavuta pumzi, akaendelea.

"Sikuliuza likapikiwe. Niliwauzia watu wa vyuma chakavu, waliyeyushe, na fedha zake nikazichanganya na rambirambi, nikakutumia. Waliniapia. Yule mnene aliniapia kwa Mungu."

Njiti ikafika kwenye vidole vyake. Ukoko hakuitupa. Aliikunja ndani ya kiganja, akaifumba humo, ikazimika kwenye ngozi yake. Harufu yake ilikuwa ndogo sana.

Na pamoja na njiti ile vilizimika vyote. Mkahawa, kona yake, masufuria yake, Dada na furushi lake ambaye hakuwa na pengine pa kwenda, na fedha zilizopatikana kwa kifo cha shemeji na kurudi kukinunua kifo kile kile. Alisimama mbele ya mwenye nyumba na mkono uliofumbwa. Alijua anachopaswa kusema. Alijua pia kwamba akishakisema, yeye na mkewe wamekwisha. Akasimama kati ya maneno mawili, kama alivyosimama maisha yake yote, muda wa pumzi moja.

Pumzi hiyo ilikuwa ndefu mno.

Mwenye nyumba alikuwa ameona njiti ikizimwa. Hakuuliza sababu, si tabia yake. Aligeuka, na kwa ile sauti yake ya kumwita punda akasema:

"Haya, baba. Pima. Chumba ni chako."

Utepe wa Mwenye Dawa ulilia ukifunguka.

Nyuma ya jiko, Mama Pacha hakuwa amemwona wifi yake. Hakuwa amesikia neno hata moja la ule mnong'ono. Alichosikia ni njiti ya mumewe ikiwaka, kisha kimya, kisha mwenye nyumba, kisha utepe. Na kimya hicho alikijua. Ameolewa nacho.

"Ni yale yale," alisema, bila hasira, kama mtu anayekunja nguo. "Basi kaa hapo, Baba Pacha. Kimeshakauka kiberiti hiki. Nawasha mwenyewe."

Dada Mkubwa alijitupa juu ya jiko kwa mikono yote miwili, bendeji na vyote, akapiga kelele, na kelele ikatoka kama pumzi. Ukoko akaita. Hakuita Mama Pacha. Aliita jina la mkewe, lile alilopewa na wazazi wake, ambalo hajalitamka tangu pacha wazaliwe, na kwa hofu likamtoka nusu.

Ndani, njiti ikakwaruzwa kwenye ubavu wa kiberiti. Haikushika.

Ikakwaruzwa tena.